Mti uliopinda, upinde ulio sawa

*Katika majimbo ya kati ya Marekani, mafundi wa pinde wanabishana juu ya kipande cha mti chenye mafundo na mapindo: kitupwe, kinyooshwe kwa moto, au kichongwe kama kilivyo? Jibu lao linagusa hatima ya miti inayozidi kung'olewa na kuchomwa.*

Kipande cha mti kimelazwa juu ya meza ya seremala. Urefu wake unakaribia futi sita na rangi yake ni manjano ya bizari. Ukifumba jicho moja na kukitazama kutoka ncha hadi ncha, kasoro tatu zinajitokeza.

Upande mmoja mti umekwenda kombo, ukatoka nje ya mstari kwa zaidi ya inchi moja, kisha ukarudi. Upande wa pili umejisokota, kiasi kwamba uso unaotazama juu hapo katikati unatazama pembeni ukifika nchani. Na karibu na mahali pa kushikia kuna fundo, ambapo zamani lilichipua tawi.

Vipande vya namna hii huonekana kwa wingi kila Julai mjini Marshall, jimbo la Missouri, ambako wachongaji wa pinde za mti hukutana kwa siku kadhaa kuchonga, kufundishana na kubadilishana miti. Humo wamo wakongwe wa kazi na wamo vijana wanaoshika shoka kwa mara ya kwanza.

Fundi akiletewa kipande kama hicho ana njia tatu. Anaweza kukitupa kwenye kuni na kutafuta kilichonyooka. Anaweza kukipasha moto na kukilazimisha kunyooka. Au anaweza kukichonga kwa kufuata mapindo yake yote, na mwisho akapata upinde ambao ukiwa ukutani unaonekana kama umekosewa, lakini ukivutwa mshale unakwenda unakotumwa.

Kila njia ina watetezi wake, na hoja zao zina uzito.

Uzio ulioacha miti kombo

Mti unaozungumzwa zaidi katika mabishano haya ni ule unaoitwa Osage, kwa jina la watu wa asili waliosifika kwa kuutumia. Wataalamu wa mimea huuita *Maclura pomifera*. Asili yake ni eneo dogo la Mto Red, kwenye mipaka ya majimbo ya leo ya Texas, Oklahoma na Arkansas.

Sifa zake zilitangulia kufika mbali kuliko mbegu zake. Mtafiti wa mimea John Bradbury, aliyepanda Mto Missouri mwaka 1811, aliandika kwamba miongoni mwa Waarikara, watu wa asili walioishi mamia ya maili kaskazini mwa eneo unakoota mti huo, upinde wa Osage uliuzwa kwa farasi mmoja na blanketi moja. Miaka michache kabla yake, mwaka 1804, Meriwether Lewis alikuwa ametuma vipandikizi vya mti huo kwa Rais Thomas Jefferson, hata kabla safari yake maarufu ya kwenda Bahari ya Pasifiki haijaanza.

Kisha wakulima wakaugundua. Mti huu una miiba, huota kwa kusongamana na haupitishi ng'ombe. Katika karne ya 19 ulipandwa kwa mistari mirefu kuzunguka mashamba ya Missouri, Kansas, Illinois na Iowa, ukawa uzio ulio hai. Mwaka 1874 Joseph Glidden alipata hataza ya seng'enge yake yenye miiba, na haja ya kupanda uzio ikapungua haraka. Miti ikaachwa. Mingine ilikatwa ikawa nguzo za kushikia seng'enge hiyo hiyo, kwa kuwa mbao zake huzikwa ardhini miaka mingi bila kuoza.

Hapo ndipo mapindo yalipoanza. Kisiki cha Osage kikikatwa huchipua upya, tena kwa fujo. Machipukizi hubanana, kila moja linatafuta mwanga, linainama kulia, linazuiwa na mwenzake, linarudi kushoto. Matawi huota chini kabisa, na kila tawi huacha fundo ndani ya shina. Gogo linyookalo futi sita bila dosari hupatikana, lakini kwa mtu anayekata miti ya uzio wa zamani, hilo ni la bahati.

Kwa hiyo fundi wa leo anayekataa mti uliopinda anakataa sehemu kubwa ya Osage iliyopo.

Mgongo na tumbo

Ili kuelewa ugomvi wenyewe, ni lazima kwanza kuelewa upinde unavyofanya kazi.

Upinde una nyuso mbili. Unaotazama shabaha ni mgongo, na unaomtazama mpigaji ni tumbo. Upinde unapovutwa, mgongo hunyooshwa na tumbo hubanwa. Nyuzi za mti, zile zinazokwenda kwa urefu wa shina, ndizo zinazobeba mzigo huo. Zikiwa nzima kutoka ncha moja hadi nyingine, zinagawana kazi. Zikiwa zimekatwa, pale zinapoishia juu ya mgongo kibanzi huanza kunyanyuka, na kibanzi kikishanyanyuka upinde hauna siku nyingi.

Sasa chukua kipande chenye pindo, kichoree mstari kwa rula, kikate kwa msumeno. Kwa macho umepata ubao mzuri ulionyooka. Lakini nyuzi zake hazikuufuata mstari wako. Zinaingia kwa ubavu huu na kutokea kwa ubavu ule, zimekatwa mahali pawili au patatu. Ubao huo utafaa kwa kiti au rafu. Kwa upinde ni hatari, kwa sababu utavunjika ukiwa umevutwa usoni pa mtu.

> Ubao ulionyooshwa kwa msumeno utafaa kwa kiti au rafu. Kwa upinde ni hatari, kwa sababu utavunjika ukiwa umevutwa usoni pa mtu.

Ndiyo maana mafundi wa pinde hupasua magogo kwa kabari na nyundo. Kabari haina rula. Inapita kati ya nyuzi, na ufa hufuata njia ambayo mti uliipitia wenyewe ulipokuwa ukikua. Mti ukiwa umejisokota, kipande kitatoka kimejisokota. Fundi hapendi akionacho, ila ameonyeshwa ukweli mapema, kabla hajapoteza siku zake.

Jambo la pili ni unene. Upana wa mkono wa upinde, yaani sehemu ya kutoka mshiko hadi ncha, ukipungua kwa nusu, ugumu wake hubaki nusu. Unene ukipungua kwa nusu, ugumu hubaki thumuni tu. Tofauti hiyo ndiyo siri ya kazi nzima. Unene ukizidi kwa asilimia kumi tu mahali pamoja, hapo pamekuwa pagumu kwa karibu theluthi moja zaidi. Basi mtu akiona kinundu juu ya mgongo na kukichonga ili pawe laini, hajaondoa kinundu. Amekata nyuzi, na ameutengenezea upinde wake udhaifu palipohitaji nguvu.

Kufuata pete moja

Kazi ya subira kuliko zote ni ya mgongo. Osage huhifadhi umri wake kwa pete, mwaka kwa mwaka, na kila pete ina tabaka mbili: moja ngumu na nzito, na nyingine nyembamba yenye vitundu vitundu. Chini ya gamba kuna mbao nyeupe ambazo wadudu huzipenda. Fundi huziondoa zote, kisha huchagua pete moja ya manjano iliyo nene ya kutosha. Pete hiyo ndiyo itakuwa mgongo, nzima, toka ncha hadi ncha.

Kuifikia si kazi ya nguvu. Fundi hubana kipande, hushika kisu chenye mipini miwili na kukivuta kuelekea kwake. Kikipita kwenye tabaka ngumu kinatoa utepe mrefu, laini. Kikigusa tabaka la vitundu mlio hubadilika. Unasikia mkwaruzo, na maganda yanatoka yakiwa vumbi na vipande vipande. Hapo anajua amebakiza unene wa karatasi kuifikia pete anayoitaka, na huacha kutegemea nguvu za mabega akaanza kutumia makali ya kisu kama kikwangulio.

Kwenye mti ulionyooka kazi hii huisha ndani ya saa kadhaa. Kwenye mti wenye mapindo, pete hupanda na kushuka. Inaingia bondeni, inapanda mgongo mdogo, inazunguka fundo. Kisu hakipiti, fundi hubadili akashika kisu kidogo, au tupa, au kipande cha chuma chenye makali.

Fundo lenyewe hutaka adabu ya pekee. Pete ikilikaribia huinuka na kuwa kilima kidogo, kwa kuwa nyuzi zililizunguka tawi ili zisikatike. Anayekisawazisha kilima hicho amekata nyuzi zote zilizozunguka. Fundi anayeijua kazi hukiacha kisimame. Tena hupanua mkono wa upinde pale penye fundo, akaacha nyama kidogo ubavuni, ili nyuzi zilizokwepa tawi zipate nafasi ya kupita. Ndiyo maana pinde za namna hii huonekana kama zina vifundo vya vidole.

"Muda ni mali"

Upande unaosema kipande kibovu kitupwe si wa wavivu. Wapo wanaochonga pinde kwa kuuza, na hesabu zao ni wazi. Kipande kilichonyooka hutengenezwa kwa siku chache; kilichopinda hula wiki, na mwisho wake haujulikani. Mteja halipi kwa jasho asiloliona.

Hoja yao nyingine ni usalama wa mwanafunzi. Upinde ulionyooka husomeka. Mikono miwili ikikunjwa, kosa linaonekana: hapa pamelegea, pale pamekaza. Kwenye upinde wa mapindo jicho hudanganywa. Pindo la asili linaloinama kuelekea mgongoni huonekana kana kwamba pamekaza, na mwanafunzi hupakwangua. Pindo linaloinama kuelekea tumboni huonekana kama pamelegea, akapaacha, kumbe pamebeba mti mwingi kupita kiasi. Akija kuvuta, unavunjika.

Wana pia historia ya sayansi upande wao. Katika miaka ya 1930 wahandisi na wanafizikia wa Marekani, miongoni mwao Clarence Hickman na Paul Klopsteg, waliufanyia upinde vipimo na hesabu. Waliegemea kwenye umbo pana, bapa na lenye ulinganifu, ambalo hesabu zake zinatabirika. Baadaye zikaja nyuzi za kioo, na mwaka 1969 Holless Wilbur Allen wa Missouri akapata hataza ya upinde wa magurudumu. Mti ukaonekana umepitwa.

Ufufuo wake ulianzia mwishoni mwa miaka ya 1980. Mwaka 1988 Paul Comstock alitoa kitabu kilichotetea miti iliyodharauliwa, kama elmu, hikori na mingine ya mbao nyeupe. Akaonyesha kwamba ikichongwa pana zaidi hutoa upinde mzuri. Mwaka 1992 ukafuata mfululizo wa vitabu uliohaririwa na Jim Hamm, ambao mpaka leo haukosekani kwenye karakana za wapenzi wa kazi hii. Watu wengi walijifunza kuchonga kutoka kwenye kurasa hizo, na wengi wao hawakuwa na pesa za kununua vipande vilivyonyooka. Walikuwa na msitu nyuma ya nyumba, na msitu ulikuwa umepinda.

Moto, mvuke na mafuta

Samaki mkunje angali mbichi, walisema wahenga, na wengi hudhani mti uko vivyo hivyo. Mafundi wa pinde wamekuta mambo tofauti. Ndani ya mbao mna kitu kiitwacho lignini, kinachogandamanisha nyuzi. Kikipata joto hulegea. Kikipoa hushika tena. Mti mkavu unaweza kupindwa upya, mradi usiharakishwe.

Kwa Osage wengi hutumia joto kavu. Zamani ilikuwa makaa. Leo ni mashine ya kupuliza hewa ya moto. Kwanza hupakwa mafuta ya kupikia ili pasiungue, kisha moto hupitishwa taratibu tumboni mwa upinde, mbele na nyuma, bila kusimama mahali pamoja. Joto linapopenya hadi mgongo ukawa hauwezi kushikwa kwa kiganja, fundi hubana kipande kwenye kalibu ya mbao na kukiacha kipoe kabisa. Miti mingine hupendelea mvuke, na kanuni ya maseremala ni saa moja ya mvuke kwa kila inchi ya unene.

Kwa msokoto kazi ni ya jiliwa na wenzo. Mshiko hubanwa, sehemu iliyojisokota hupashwa, kisha mkono wa upinde hukamatwa kwa klempu na kuzungushwa pole pole hadi uvuke kidogo pale panapotakiwa, kwa sababu ukipoa utarudi nyuma kiasi. Baada ya hapo upinde hauvutwi. Joto limeunyang'anya unyevu, na mti uliokaushwa kupita kiasi hukatika ghafla. Huachwa siku kadhaa urudishe unyevu wake wa kawaida, ambao mafundi wengi huupenda uwe kati ya asilimia nane na kumi.

Hata hivyo kuna mabishano ndani ya mabishano. Wapo wanaonyoosha kila kitu, mpaka upinde wa mti wa uzio ufanane na wa kiwandani. Na wapo wanaoona huko ni kuupotezea mti nguvu bila sababu, kwa kuwa kila palipopashwa pamepata mashaka, hasa karibu na fundo au ufa.

Kipimo cha kuwaamulia kipo, nacho ni rahisi. Funga uzi kutoka ncha moja hadi nyingine, uukaze, utazame unapita wapi. Ukipita juu ya mshiko, katikati au karibu na katikati, mapindo yote yaliyobaki kati ya mshiko na ncha hayana neno. Upote utakaa mahali pake na mshale utatoka sawa. Ukipita nje ya mshiko, upinde utageuka mkononi kila unapovutwa, na upote unaweza kuruka. Hapo moto unahitajika, na unahitajika kwa kiasi cha kuurudisha uzi mahali pake. Zaidi ya hapo ni urembo.

> Ukipita juu ya mshiko, katikati au karibu na katikati, mapindo yote yaliyobaki kati ya mshiko na ncha hayana neno.

Mimi nasimama na hawa wasiotaka kunyoosha kila kitu. Nimesikiliza hoja za kunyoosha kila kitu, na sijaona palipoelezwa upinde unafaidi nini.

Jicho lisiaminiwe peke yake

Baada ya moto huja kusawazisha mkunjo, na hapa ndipo pinde nyingi hufia. Upinde huwekwa juu ya nguzo yenye mshiko, kamba hupitishwa kwenye kapi hapo chini, na fundi huivuta akiwa amesimama mbali. Huona mikono yote miwili inavyokunjika. Huvuta kidogo, hurudisha, hukwangua palipokaza, huvuta tena mara nyingi ili mti uyapokee mabadiliko, kisha husonga mbele inchi moja. Hauvutwi kamwe kupita uzito unaokusudiwa.

Kwa mti uliopinda, fundi huacha kutegemea jicho peke yake na kuamini vidole. Hupitisha dole gumba na cha shahada kando ya mkono wote wa upinde, akisikiliza unene unavyopungua kuelekea nchani. Ukipungua sawasawa bila kuruka, mzigo umegawanyika sawasawa, hata kama mchoro wa upinde ukivutwa una mawimbi. Pindo lililokuwapo kabla ya kuvuta linapaswa kuonekana bado lipo baada ya kuvuta. Likitoweka, ujue hapo ndipo panapoumia.

Mkono ukianza kujisokota wakati wa kuvutwa, dawa yake haihitaji moto. Mkono wa upinde huinamia ubavu ulio dhaifu. Ukiinamia kushoto, kwangua kidogo ubavu wa kulia, jaribu tena. Ni kazi ya mikwaruzo michache tu kwa wakati mmoja.

Ulaya walikwisha kupita hapa

Mabishano haya si mageni duniani. Uingereza iliyategemea majeshi ya wapiga mishale, na mti wake ulikuwa yuu, ambao ukiota katika visiwa vyenyewe ulionekana una mafundo na msokoto mwingi. Wakataka mti ulionyooka kutoka nje. Sheria ya mwaka 1472 ilimlazimisha mfanyabiashara kuleta vipande vinne vya pinde kwa kila tani ya bidhaa, na mwaka 1484 vikadaiwa vipande kumi kwa kila pipa la mvinyo fulani uliotoka ng'ambo. Misitu ya milima ya Austria na Bavaria ilifyekwa kulisha mahitaji hayo, mpaka yuu nzuri ikawa adimu. Mwaka 1595 Baraza la Malkia liliamuru wapiga mishale katika vikosi vya mafunzo wabadilishwe na wenye bunduki.

Lakini tazama pinde zenyewe. Meli ya kivita Mary Rose ilizama Julai 1545 na kuinuliwa mwaka 1982. Humo zilipatikana pinde 172 za yuu. Hata katika mti huo bora wa serikali, mafundi waliacha vilima vidogo penye mafundo, wakafuata nyuzi. Walikuwa na haraka ya vita, na bado hawakuyakata mafundo.

Nyuma zaidi, pinde za elmu zilizofukuliwa kwenye kinamasi cha Holmegaard, Denmark, zina umri wa takriban miaka 9,000. Na yule mtu aliyegandishwa na barafu ya Alpi, aliyegunduliwa Septemba 1991, alikuwa amebeba upinde wa yuu wa mita 1.82 ambao hakuumaliza. Alama za chombo chake cha kuchongea bado zinaonekana. Hawa wote hawakuwa na kiwanda cha kuwapa mbao zilizonyooka. Walichonga kilichoota jirani.

Na kwetu

Huku Afrika Mashariki wapo wasioingia katika tatizo la kufuata pete, kwa sababu ya namna wanavyochagua mti. Mhadzabe wa bonde la Ziwa Eyasi huchonga upinde wake kutoka kwenye shina jembamba au tawi, badala ya kupasua gogo kubwa. Upote wake ni wa kano za mnyama. Mishale yake ikiwa kombo huipasha motoni na kuinyoosha kwa meno na mikono, kazi ambayo mtoto huanza kuitazama akiwa bado mdogo.

Wawaata wa eneo la Tsavo, nchini Kenya, walisifika kwa pinde nzito zilizoangusha tembo kwa msaada wa sumu ya mti. Nyingine zilizopimwa zilihitaji nguvu ya zaidi ya ratili 100, yaani zaidi ya kilo 45, kuzivuta. Ni nguvu inayokaribia ya pinde za Mary Rose, kutoka kwa mafundi waliotumia shoka, kisu na moto. Katika miaka ya 1950 kampeni za kuzuia ujangili ziliwaweka wengi wao jela, na mwaka 1977 Kenya ikapiga marufuku uwindaji wote. Wanyama walihitaji ulinzi, hilo halina ubishi. Lakini ufundi wa kuchagua na kuchonga mti ule ulibaki kwa wazee, na kila mzee anayeondoka huondoka na sehemu yake.

Ndiyo maana mabishano ya Missouri yanatuhusu. Huko watu walilazimika kuupata upya ufundi uliokuwa umekatika, kwa kubahatisha, kwa kuvunja pinde nyingi na kwa kuandika walichojifunza. Kwetu bado wapo wanaoujua kutoka kwa baba zao. Makumbusho na vyuo vya ufundi vya Kenya na Tanzania vingefanya jambo la maana kuurekodi sasa, hatua kwa hatua, kuanzia mti unapochaguliwa.

Kasoro zisizosameheka

Kuutetea mti uliopinda si kusema kila kipande kinafaa. Palipooza hapaponi. Fundo lenye shimo lililokula zaidi ya theluthi ya upana wa mkono wa upinde ni bora liepukwe, hasa katikati ya mkono, ambako mzigo ni mkubwa. Ufa unaofuata nyuzi kwa urefu huweza kujazwa gundi na kufungwa kwa kano au uzi. Ufa unaokatisha nyuzi ni mwisho wa upinde. Mti uliojisokota kupita robo ya mzunguko kutoka mshiko hadi ncha utamlipa fundi hasara, hata akiwa hodari.

Palipo na mashaka, mgongo huweza kuongezewa ngozi mbichi au kano zilizobandikwa kwa gundi ya wanyama, kama walivyofanya watu wa asili wa magharibi mwa Marekani. Kano huvumilia kunyooshwa kuliko mti. Hata hivyo haziponyi nyuzi zilizokatwa kwa msumeno; huahirisha tu.

Kwa hesabu yangu, basi, fundi aangalie uzima wa nyuzi kwanza, unyoofu baadaye. Anayetaka kuuza pinde kumi kwa mwezi na atafute mti ulionyooka, hana kosa. Anayejifunza aanze na kipande chepesi kusomeka, kisha asiogope cha pili kilichopinda. Ila yeyote anayechukua msumeno kukinyoosha kipande ili kipendeze macho, huyo ameharibu mti na amejiandalia hatari.

Hivi sasa nyuzio za Osage katika majimbo ya kati ya Marekani zinang'olewa kwa matingatinga ili mashamba yapanuliwe, na miti inarundikwa na kuchomwa. Msomaji uliyeko Missouri, Kansas au Iowa, ukiona rundo kama hilo, muulize mwenye shamba kabla hajawasha moto; wengi hawajui kwamba kuna mtu anayeyahitaji magogo hayo. Ukipewa, paka ncha zake rangi au gundi siku hiyo hiyo zisipasuke, pasua kwa kabari, toa gamba na mbao nyeupe, uweke kivulini mpaka ukauke. Na wewe uliyeko Tanzania, usikate mti wa hifadhi bila kibali, na ujue kwamba uwindaji unahitaji leseni chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009. Kulenga shabaha ya nyasi kwenye kiwanja salama hakuhitaji leseni ya uwindaji.